Mitsuko hakuwa shetani wa Otsu

Mhariri,

Makala yenu ya juzi kuhusu tamaa na imani katika riwaya za Kijapani imemdhulumu Mitsuko. Mwandishi wenu anamwona kishawishi tu: mwanafunzi mrembo anayemtongoza Otsu, Mkatoliki mpole wa chuo kimoja naye, ili amwachishe Mungu wake, kisha anambwaga. Hayo yamo kweli katika Fukai Kawa (yaani Mto wa Kina), riwaya ya Endo Shusaku (1993). Ila riwaya haikomei chuoni. Mitsuko anaolewa, na fungate haijaisha anamwacha bwana harusi Paris, anakwenda Lyon kumtafuta Otsu ambaye sasa anasomea upadre. Jina la Mungu linamkera, kwa hiyo Otsu anamruhusu amwite Kitunguu. Miaka baadaye, ndoa imeshavunjika, anasikia Otsu yuko Varanasi, mji mtakatifu wa Wahindu huko India, anakwenda. Huko anaingia mto Ganges amevaa sari, akisali sala ambayo mwenyewe anaiona ya kuigiza. Kiu iliyompeleka kwa Otsu kitandani ndiyo iliyomfikisha mtoni. Mkiifuta ya kwanza, ya pili haina maana.

Tena Endo ni mwanamume. Mbona hamkumtaja mwandishi mwanamke, Enchi Fumiko?

Katika riwaya yake Onnazaka (1957), Tomo, mke wa ofisa mkubwa wa mkoa wa Fukushima zama za Meiji (1868–1912), anatumwa Tokyo na mumewe akamtafutie suria. Anamchagua Suga, msichana mdogo kabisa, anamleta nyumbani kwa mkono wake. Enchi hamgeuzi Tomo malaika wa subira: bado anamtamani mume yule yule, na hapo ndipo penye uchungu. Mama yake mzazi amemuusia amtegemee Amida, Buddha ambaye waumini humwomba awaokoe. Tomo anajitahidi. Anasali, anasimamia mali, anawatunza hata masuria, miaka nenda miaka rudi, wala hakuna anayemsikia akilalama. Mpaka yuko kufani, ndipo anaagiza mumewe aambiwe asimfanyie maziko. Maiti yake ikatupwe baharini Shinagawa, pwani ya Tokyo. Mimi nasoma hapo kwamba Amida alipewa kila kitu isipokuwa kile kimoja, na Tomo alikuwa amekihifadhi muda wote.

Mwandishi wenu anahitimisha kuwa Ubuddha hufundisha kuzima tamaa, basi mwanamke wa dini hana la kusimulia. Angemuuliza mwandishi mwanamke Setouchi Harumi. Hadithi yake Kashin ilipotoka 1957 wahakiki waliiita uchafu, na majarida makubwa ya fasihi yakamfungia milango kwa miaka. Mwaka 1973, akiwa na umri wa miaka 51, alinyolewa nywele katika hekalu la Chuson-ji akawa mtawa, jina lake Jakucho. Kalamu haikunyolewa. Aliendelea kuandika mapenzi, akaandika upya Hekaya ya Genji, riwaya ya Kijapani ya karne ya kumi na moja, kwa Kijapani cha leo (Enchi naye alikwisha kuifanya kazi hiyo), akila nyama na kunywa sake, pombe ya mchele, bila kujificha, hadi alipofariki 2021 akiwa na miaka 99. Waumini walifurika kumsikiliza, nadhani kwa sababu hakujifanya hajui wanachokizungumza.

Mkirudi kwenye mada hii, anzeni na Tomo. Nafasi ikiwa finyu, ondoeni ile picha ya geisha iliyochukua robo ya ukurasa. Mitsuko alikuwa mwanafunzi wa fasihi ya Kifaransa.

Msomaji wenu,
Tanga