Zuhura, nitafutie mayai

Kisauni, Jumapili usiku

Zuhura wangu,

Salaam aleikum. Natumai nyote hamjambo, na mguu wa Bi Mkubwa umepata nafuu. Mimi mzima wa mwili, ila tangu Alhamisi sina raha.

Stima ilipotea Jumatano usiku. Iliporudi, kidhibiti joto cha inkubeta, ile mashine ya kuangulia mayai, kikakwama. Asubuhi nakuta kipimajoto kinasoma nyuzi 43, badala ya 37.5. Trei nzima, Zuhura, mayai 30 ya siku ya tatu. Yote yamekufa.

Na hiyo Jumatano mchana nilikuwa nimewafungulia wanafunzi yai moja. Unalilaza kwa ubavu ili kiinitete, yaani kifaranga kinachoanza kuumbika, kielee juu, unapangusa ganda kwa spiriti, unatoboa upande butu na kuvuta kwa sirinji ute kama mililita 3. Kiinitete kinashuka, kinaachana na ganda, ndipo unakata kidirisha kwa mkasi mdogo. Juu ya kiini cha njano mishipa ilikuwa imetanda kama uzi wa darizi, na katikati kitone chekundu kinadunda. Darasa zima kimya. Kijana mmoja wa Likoni alikuwa akihesabu mapigo, midomo inacheza bila sauti. Nikadondoshea maji ya chumvi ya uvuguvugu, nikaziba kwa selotepu, nikalirudisha. Alhamisi yeye ndiye aliyebandua ile selotepu. Sijui hata nilimwambia nini.

Sasa nina shida, nawe ndiye wa kunisaidia. Mayai ya dukani hayana mbegu, kuku wale hawajui jogoo. Nataka ya kienyeji, ya kwa Bi Mkubwa hapo Mtwapa, trei moja tu, na nitalipa bei ya sokoni. Lakini yasikae. Joto likizidi nyuzi 21 hivi, yai huanza kukua polepole palepale mezani, halafu linaharibika, na nyumba zetu unazijua. Friji nayo ina baridi mno. Wala yasioshwe.

Usione haya kumwomba kwa niaba yangu. Rita Levi-Montalcini, mwanasayansi wa Italia, alifukuzwa chuoni kwa kuwa Myahudi, na wakati wa vita akafanya kazi hii hii chumbani kwake. Mayai aliyatafuta kwa baiskeli, shamba hadi shamba. Mwaka 1986 akapewa Tuzo ya Nobel. Mimi nina matatu za kupanda, sina kisingizio.

Tukijaliwa safari hii, yatakayofika siku ya nane nitatoa mioyo, nitenganishe seli zake kwa tripsini, kimeng'enya kinachovunja protini zinazozishikanisha, na kuziweka kwenye kisahani. Seli za misuli ya moyo hudunda kila moja peke yake, kwa mwendo wake. Zikikua zikagusana, zinaanza kudunda pamoja. Hilo ndilo nataka yule kijana alione kabla muhula haujaisha. Kila nikifumba macho naiona ile mishipa iliyogeuka myeusi.

Kombo alisema ana betri ya kushikilia stima, bado anayo? Saumu amejifungua? Bi Mkubwa ana majogoo wangapi sasa, na kuku wanataga vizuri msimu huu? Naweza kuja Jumamosi alfajiri na kikapu, niyachukue ya siku mbili tatu? Au wewe utashuka mjini kabla ya hapo?

Mwambie Bi Mkubwa shikamoo yangu. Nijibu upesi.

Wako,
Mwanaisha