Hati ya Dharura Haimtoi Mtu Saudia: Barua ya Wazi kwa Katibu wa Idara ya Masuala ya Diaspora, Nairobi

Mheshimiwa Katibu,

Video hizo kila Mkenya amekwisha kuziona: binti aliyeenda kufanya kazi za nyumbani Saudia amejifungia bafuni, ananong'ona, anaomba arudishwe nyumbani. Zikisambaa, jibu huwa moja, kwamba ubalozi wetu wa Riyadh umearifiwa. Sisi tunaotafsiri Kiarabu na kusaidia kisheria katika mafaili haya tunakuandikia kuhusu kinachofuata hapo, maana ndipo mafaili yanapokwama, na mengi hukwama kwa mambo ambayo ofisi yako inaweza kuyanyoosha bila kusubiri mkataba mpya na Saudia.

Kubwa kuliko yote ni hili. Familia huambiwa binti "ameshapewa hati ya dharura", nao wakaanza kuchanga nauli. Hati ile ni ya kumwingiza Kenya, safari moja tu. Haimtoi Saudia. Kinachomtoa ni khuruji nihai, yaani viza ya kuondoka moja kwa moja, na kwa kadama, yaani mfanyakazi wa nyumbani, viza hiyo huombwa na mwajiri wake, kafili, kupitia akaunti ya kafili mwenyewe. Mageuzi ya sheria ya kazi yaliyoanza Machi 2021 yaliwafungulia wafanyakazi wengine wa kigeni njia ya kuomba kutoka bila mwajiri. Kadama, dereva wa nyumbani na mtunza bustani waliachwa nje. Kwa hiyo mtu anaweza kukaa miezi na hati ya dharura mkononi, muda wake ukaisha, akapewa nyingine, na mlango bado umefungwa.

Akitoka nyumbani kwa kafili bila maelewano, kafili humripoti kuwa ametoroka. Ripoti hiyo, hurubu, ikishaingia kwenye mfumo, ikama yake, yaani kibali cha kuishi Saudia, haina kazi tena, na mara nyingi njia inayobaki ni kupitia tarhili, kituo cha kuwarudisha wageni makwao. Wakenya wa kule humwita mtu huyo kemboi, kwa jina la bingwa wetu wa kuruka viunzi na maji. Utani mzuri, lakini unaficha jambo: makemboi wengi walikimbia mshahara usiolipwa, na wangekuwa na kesi nzuri laiti wangefuata mpangilio. Malalamiko yakifika Wizara ya Rasilimali Watu ya Saudia kwa namba 19911 kabla ya hurubu, kuna tarehe ya kuonyesha kwamba ripoti ya kafili ilikuwa ya kulipiza kisasi. Yakija baada ya hurubu, mlalamikaji huonekana anatafuta kisingizio. Aliye katika hatari ya kupigwa au kubakwa atoke kwanza, mengine baadaye. Kwa wengine wote, ushauri wa kwanza kutoka kwa ofisa wa ubalozi uwe huu: piga, pata namba ya malalamiko, iandike.

Tukifika kwenye namba, hapa ndipo tunaposhindwa kuelewa kwa nini fomu za kupokea malalamiko bado hutanguliza jina. Jina halimtafuti mtu Saudia. Kiarabu hakina herufi P, hivyo Priscah huandikwa Briska. Cheptoo hupita kwenye herufi za Kiarabu na kurudi kwa Kilatini akiwa Shibto. Ofisa wa tarhili akiambiwa atafute "Priscah Cheptoo" atajibu kwa uaminifu kabisa kwamba hayupo, naye amelala chumba cha pili. Kinachomtafuta ni namba ya ikama, tarakimu 10 zinazoanza na 2. Kama ikama haikuwahi kutolewa, na hilo hutokea sana kwa anayekimbia miezi ya mwanzo, inatafutwa namba ya mpakani aliyopewa alipoingia. Kisha namba ya pasipoti aliyoingilia, hata kama imepotea au iko kabatini kwa kafili. Hati ya dharura isiyotaja namba ya pasipoti ya zamani huzua kazi upya, kwa sababu uhamiaji wa Saudia unamjua kwa pasipoti ile. Baada ya hapo ndipo zije simu ya kafili, jina la maktabu, yaani ofisi ya kuajiri, iliyompokea kule, ajenti aliyempeleka, na nakala ya mkataba wa Musaned, mfumo wa Saudia wa kuajiri wafanyakazi wa nyumbani.

Familia ya Kakamega au Kilifi itavipata wapi vitu hivi? Kwa kawaida haina hata kimoja. Ajenti huwa na vingi, na ajenti aliyesajiliwa anaweza kuandikiwa barua na Serikali akajibu siku hiyo hiyo; sisi tukimwandikia huzima simu. Mafunzo ya kabla ya safari yana muda wa kumwonyesha binti mashine ya kufua na kumfundisha salamu za Kiarabu. Yaongezewe nusu saa ya kumsimamia apige picha pasipoti, viza na mkataba, azitume kwa watu wawili nyumbani, na aahidi kutuma picha ya ikama siku atakayoipata. Watu wawili, maana mmoja hupoteza simu.

Kuna na kalenda. Saa za Nairobi na Riyadh ni zile zile, lakini wiki hazilingani: Riyadh hufunga Ijumaa na Jumamosi, Nairobi Jumamosi na Jumapili. Siku ambazo pande zote mbili ziko kazini ni nne, Jumatatu hadi Alhamisi. Barua inayohitaji sahihi ya Nairobi ikikosa Ijumaa mchana, husubiri hadi Jumatatu, ingawa Riyadh iko kazini Jumapili. Ofisa mmoja wa zamu Nairobi siku ya Jumapili, mwenye mamlaka ya kutia sahihi, angeokoa siku nyingi kuliko namba mpya ya dharura.

Sasa vifo. Mwaka 2021 Wizara ya Mambo ya Nje ilitaja Wakenya 89 waliofia Saudia kwa miaka miwili, wengi wakiandikiwa kwamba moyo ulisimama. Mheshimiwa, moyo kusimama si sababu ya kifo. Kila anayekufa, moyo wake husimama. Ubalozi una haki ya kuarifiwa bila kuchelewa kwa kifungu cha 37 cha Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu uhusiano wa kibalozi, na barua yake ya kutokuwa na pingamizi ni miongoni mwa karatasi zinazohitajika ili mwili usafirishwe. Hapo ubalozi una nguvu, na ni mapema ndipo inapofaa kutumiwa. Dawa ya kuhifadhi maiti huharibu uwezekano wa kupima sumu na dawa mwilini, kwa hiyo mwili ukishatiwa dawa Riyadh, daktari wa Nairobi atakayeupasua ataona mbavu zilizovunjika lakini huenda asione kilichonywewa. Familia iulizwe mapema, kwa maandishi, kama inataka uchunguzi. Sampuli zichukuliwe kabla ya dawa. Na ripoti kamili ya hospitali na ya polisi iombwe pamoja na cheti cha kifo, kwa sababu cheti peke yake kina mstari mmoja tu wa sababu.

Familia hiyo hiyo, ikiwa kwenye matanga, huletewa karatasi ya uwakala itie sahihi "ili mwili utoke". Tumezisoma nyingi. Uwakala wa kupokea na kusafirisha mwili ni aya fupi. Zile ndefu humpa mwakilishi, mara nyingi mtu wa maktabu, uwezo wa kupokea mishahara iliyobaki na kutoa tanazuli, yaani kusamehe madai yote kwa niaba ya warithi. Zikishathibitishwa na notari, Wizara na ubalozi wa Saudia hapa Nairobi, kuzirudisha nyuma ni kazi ya mahakama ya nchi nyingine. Idara itoe kielelezo chake cha Kiswahili na Kiarabu, chenye kazi moja tu, na dawati la uthibitishaji likatae kingine mpaka familia ieleweshwe. Pia familia iambiwe waziwazi, kabla ya harambee ya kwanza, kwamba gharama ya kusafirisha mwili ni ya mwajiri. Watu huuza ng'ombe kulipa deni la mtu mwingine.

Kwa walio gerezani, kifungu cha 36 cha mkataba huo kinampa mfungwa haki ya ubalozi kuarifiwa, lakini ni pale anapoomba mwenyewe. Binti asiyejua Kiarabu, aliyetia kidole kwenye karatasi asiyoisoma, haombi asichojua kuwa kipo. Marekani huarifu balozi za nchi kadhaa bila kusubiri ombi, Tanzania ikiwemo, kwa kuwa kuna makubaliano ya namna hiyo. Mazungumzo yajayo na Riyadh yabebe kipengele hicho.

La watoto waliozaliwa kule na mama wasio na cheti cha ndoa tutalisema kwa ufupi, kwa kuwa sheria yetu iko wazi. Kifungu cha 14 cha Katiba kinasema mtoto wa mama Mkenya ni Mkenya kwa kuzaliwa, popote alipozaliwa. Hospitali ya Saudia isipotoa cheti, ubalozi upokee ushahidi mwingine: kadi ya kliniki, picha za ujauzito, kiapo cha mama na cha aliyemzalisha. DNA ibaki kwa faili lenye shaka ya kweli, na majibu yake yawe na tarehe.

Tuna fomu ya ukurasa mmoja tunayoitumia kwa mafaili haya, kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu, ikianza na namba na kumalizia na jina. Tutaikabidhi ofisini kwako siku utakayotaja. Ondoeni majina yetu, wekeni nembo ya Idara, na nakala zipelekwe kwa machifu, maana kwa chifu ndiko mama wa Kilifi huenda kwanza.

Wako,

Watafsiri wa Kiarabu na wasaidizi wa kisheria wa mafaili ya Ghuba,
Mombasa na Nairobi