Picha ya simba huharibikia kwenye usukani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na madereva waongozaji wa Arusha na Moshi, hasa wanaoanza kazi. Mgeni akirudi hotelini na picha mbovu za simba tunailaumu kamera yake. Mara nyingi kosa ni letu.

Simba jike akiwinda haanzi na mbio. Kichwa hukishusha chini ya mabega na kujongea. Nyumbu akiinua kichwa, naye huganda palepale. Nyumbu akirudi kula, anasogea tena. Anafanya hivyo kwa sababu nyumbu humshinda mbio, hivyo ni lazima akaribie sana, mita 30 hivi au pungufu, ndipo achomoke. Gari likikatiza kati yao, nyumbu hushtuka na windo linaishia hapo. Wapo wanaomzunguka simba mbele ili mgeni "apate uso". Uso anaupata kweli, ila ni uso wa simba anayelishangaa Land Cruiser.

Kaa pembeni, mbali kidogo, jua likiwa nyuma yako, mahali ambapo simba na mawindo wote wawili wanaonekana. Seronera, katikati ya Serengeti, na ndani ya Kreta ya Ngorongoro hatuachi barabara, kwa hiyo nafasi huchaguliwa mapema. Watazame pundamilia: wote wakisimama na kuelekeza masikio upande mmoja, ujue kuna kitu huko. Ukishasimama, zima injini. Alfajiri mwanga ni haba, kasi ya shata (kifuniko cha kamera kinachofunguka kupitisha mwanga) hushuka hadi 1/250 ya sekunde au chini yake, na lenzi ndefu iliyoegemezwa kwenye gari linalonguruma haitatoa picha kali. Abiria anayehama kiti huleta madhara yaleyale. Mwombe atulie, wengi hawajui tu.

Kwa mbio zenyewe, 1/2000 ndiyo kasi ya kuaminika. Simba anayetembea, 1/500 yatosha. Wageni huogopa kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Waambie picha ya ISO 6400 yenye chembechembe itasafishwa kwenye kompyuta, lakini iliyotikisika haina dawa. Kosa jingine ni kuvuta lenzi hadi mwisho, milimita 600, wakati simba bado amelala chini. Akichomoka, mgeni anabaki na mkia kwenye fremu. Arudi 200 au 300, asubiri, na alenge kwa nukta moja tu kwenye jicho, maana ukiiachia kamera eneo pana itashika majani yaliyo mbele.

Kuanzia saa nne au tano asubuhi, jua likiwaka, hewa juu ya mbuga huanza kucheza. Simba aliye mita 200 atatoka kama amechorwa kwa maji, hata kwa lenzi ya mamilioni. Hapo ama umkaribie pale barabara inaporuhusu, ama mle chakula cha mchana na kurudi saa kumi. (Tipu haipungui kwa kusema ukweli huo.)

Paa lililofunguliwa linapendwa kupita kiasi. Kwa simba aliye karibu, picha ya kutoka juu humbandika kwenye majani. Dirishani lenzi inashuka karibu na usawa wa macho yake na nyuma yake panakuwa wazi. Mikono na lenzi visitokeze mno nje.

Wenye kampuni nao wasaidie. Wekeni mifuko miwili ya turubai yenye zipu, ya kuegemezea lenzi, katika kila gari, kila mmoja kilo mbili hadi tatu za maharage kutoka soko la Kilombero. Msijaze hadi ukakaza. Maharage yanatakiwa yahame ili lenzi izame. Na mvua ikiyalowesha, mwageni yote, maana huota na kunuka ndani ya siku chache.

Dereva mwongozaji,
Njiro, Arusha