Msiwasingizie bibi zetu

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nasoma miaka mingi sijawahi kuandika, ila ile ripoti yenu ya lugha za nyumbani na Kiingereza cha wanafunzi wa Mwanza imenishinda. Mmeandika kama vile mtoto akifeli Kiingereza kosa ni la Kisukuma kinachoongelewa kwao. Jamani! Huku Igoma nyumba hii Kisukuma, ile Kijita, ya pili yake Kihaya, tukitoka nje wote Kiswahili. Sasa mnataka tuache kipi?

Binti yangu anasoma inglish midiamu, ada nalipa kwa hela ya dagaa pale Mwaloni. Mwaka jana tukaitwa kikao cha wazazi, mwalimu akatuambia nyumbani ni Kiingereza tu, kilugha marufuku. Mimi Kiingereza sijui, niongee nini na mwanangu? Siku chache baadae mama mkwe kaja kutoka Kwimba na kiroba chake cha michembe, viazi vitamu vya kukausha, asubuhi akamsalimia mjukuu kwa Kisukuma, mwangaluka, mtoto kainamisha kichwa kimya, bibi akauliza huyu anaumwa? Kumbe anaogopa kuandikwa jina, yaani yuko sebuleni kwetu anaogopa kuandikwa jina! Maana shuleni ukisikika unaongea Kiswahili unaandikwa jina, unavishwa kibao shingoni mpaka saa ya kutoka. Nililia siku ile Mhariri, na bado nina hasira.

Halafu huyu mtoto wa kaka yangu yuko shule ya kata, kidato cha pili. Miaka saba kafundishwa kwa Kiswahili, kafika sekondari kila kitu Kiingereza, kitabu wanachangia, mwalimu mwenyewe anasoma sentensi moja anaeleza kwa Kiswahili, mtihani unakuja Kiingereza kitupu. Swali la samaki anavyopumua kaliacha wazi, na huyu kakulia kwenye sangara, nilipomuuliza kanifungulia kichwa cha samaki akanionyesha matamvua, maji yanaingia mdomoni yanatokea huku, kaeleza vizuri tu. Huyo naye mtasema kaharibiwa na Kisukuma? Sera ya elimu ya 2014 si ilisema Kiswahili kitumike ngazi zote, iliishia wapi?

Na hizo hela za tuisheni nazo mziandike, kila wiki mchango, na basi la shule linampitia mtoto saa kumi na moja alfajiri, anasinzia darasani halafu mnapima Kiingereza chake.

Naomba hivi. Mtihani wa kidato cha pili uchapwe lugha mbili, Kiswahili kushoto Kiingereza kulia, mtoto ajibu anachokielewa. Ofisi za kata Jumamosi zifunguliwe watoto wakasome vitabu vya hadithi vya Kiingereza chepesi, sio vya mitihani, hivyo wanavyo vya kutosha. Na vile vibao vya shingoni afisa elimu apite avikusanye vyote, aanze na shule yetu, nitampeleka mwenyewe.

Mama muuza dagaa,
Igoma, Mwanza