Malalamiko Kuhusu Ugumu wa Kuingia Kwenye Akaunti ya Biashara

Kariakoo,
Dar es Salaam.
9 Februari 2026

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Makao Makuu,
Dar es Salaam.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU UGUMU WA KUINGIA KWENYE AKAUNTI YA BIASHARA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni muuza vitenge hapa Kariakoo, mteja wenu kwa mwaka wa nne sasa. Mauzo ya duka yanaingia kwenye akaunti yangu iliyoko kwenu, na humo ndimo ninamolipia mzigo. Ijumaa, tarehe 6 Februari, nilifungiwa nje ya akaunti hiyo nikiwa na shilingi 2,400,000 ndani, muuzaji wa jumla amesimama mbele yangu. Alinisubiri hadi saa nane mchana, kisha marobota yangu matatu akampa mtu mwingine.

Duka langu liko chini kabisa ya ghorofa, mtandao unashika kwa shida. Nikishaandika neno la siri mnanitumia namba sita za uthibitisho kwa ujumbe mfupi, na namba hizo zinakwisha muda baada ya sekunde 60. Basi napanda ngazi, natoka hadi barazani, naisubiri simu ishike mtandao, ujumbe unaingia. Nikiufungua nisome namba, nikirudi kwenye aplikesheni yenu nakuta imeanza upya, neno la siri limefutika. Naandika tena, herufi kumi na mbili, nikiona vidoti vyeusi tu. Hakuna mahali pa kubonyeza nione nilichoandika, na kubandika neno nililolinakili kwingine mmekuzuia. Mara ya tatu yakatokea maandishi mekundu ya Kiingereza: akaunti imefungwa kwa saa 24. Hata kuniambia kwamba zile namba zilikuwa zimepitwa na muda, hakuna.

Nikapiga huduma kwa wateja. Dada aliyepokea alikuwa na adabu, yeye simlaumu. Ila aliniambia, "Mama, nitajie namba sita ulizotumiwa ili nikusaidie." Nilishtuka. Ninyi wenyewe mnatutumia ujumbe kila mara kwamba namba hizo tusimtajie mtu yeyote, hata akijiita mfanyakazi wenu. Katika mji huu hatupumui kwa ujumbe wa matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na tumeshazoea kuupeleka 15040, namba ya kuripoti utapeli. Kesho tapeli akinipigia kwa sauti ya upole kama ile, nitamjuaje?

Nilipokataa, akaniuliza swali la usalama: jina la mtoto wangu wa kwanza. Jamani! Mtaa mzima hakuna anayelijua jina langu la kwenye kitambulisho. Muuza maji, bodaboda, wapangaji, hata wateja wa Mbagala, wote wananiita mama fulani, na huyo fulani ndiye mtoto wangu wa kwanza. Aliyeliweka swali hilo hakumfikiria mwanamke wa Dar es Salaam hata kidogo. Hilo jibu linatangazwa dukani kwangu kutwa.

Malalamiko yangu ya mwaka jana mliyajibu kwa sentensi moja, kwamba mteja ana wajibu wa kutunza neno lake la siri. Nataka mjue linavyotunzwa. Kila baada ya siku 30 mnanilazimisha nilibadili, liwe na herufi kubwa, tarakimu na alama. Kijana wangu wa dukani amekigeuza kikokotoo chetu cha hesabu, akaliandika nyuma yake kwa kalamu ya wino mzito. La Novemba limekatwa mstari, la Desemba limekatwa, la Januari limekatwa. Yote ni neno lilelile, kinachobadilika ni tarakimu ya mwisho. Mwizi akiliona moja ameyajua yote, pamoja na la mwezi ujao. Nimemgombeza kijana, lakini najua alichokimbia. Udhaifu huu mmeutengeneza ninyi.

Mdogo wangu anayesoma mambo ya kompyuta pale Kijitonyama ndiye aliyenionyesha kwamba jambo hili si geni duniani. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilishatoa mwongozo mwaka 2017 kwamba watu wasilazimishwe kubadili neno la siri kila baada ya muda, ila pale tu panapokuwa na dalili kwamba limevuja. Mwongozo huohuo unataka mtu aruhusiwe kubandika, na namba za uthibitisho unaziacha ziishi hadi dakika 10. Bill Burr, aliyeandika mwongozo wa 2003 uliozieneza sheria hizi za tarakimu na alama, alikiri mwaka huohuo wa 2017 kwamba anajutia mengi ya aliyoyaandika. Yeye amejuta, ninyi bado mnatubana nazo.

Naomba mwondoe sharti la siku 30 na lile swali la mtoto. Wekeni kitufe cha kuonyesha herufi, ruhusuni kubandika, na mtu akienda kusoma ujumbe akirudi akute ukurasa kama alivyouacha. Maelezo ya kosa yawe ya Kiswahili, yaseme kosa ni nini na mtu afanye nini. Simu yangu inafunguka kwa alama ya kidole, sioni kwa nini akaunti yenu isifunguke hivyo. Ingekuwa salama zaidi pia, maana mtu akienda kuisajili upya laini yangu kwa hila, iingie kwenye simu yake, namba zenu za ujumbe zitamfikia yeye, lakini kidole changu hatakuwa nacho. Na wafanyakazi wenu wakatazwe kabisa kumwomba mteja namba za uthibitisho. Hili halihitaji fundi wala bajeti, linaweza kuanza leo.

Natarajia majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Nisipoyapata, suala la mfanyakazi kuniomba namba za uthibitisho nitalipeleka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa kuwa sheria ya mwaka 2022 inawataka mzilinde taarifa zetu. Nakala ya barua hii nimeiacha kwa wakala wenu hapa mtaani, amenigongea muhuri wa kupokea.

Wenu mteja,

Muuza vitenge,
Kariakoo.