Ngome ya Seongsan na siri za tope lake

Mhariri,

Nimeisoma kwa furaha makala yenu kuhusu ngome za kale za vilimani nchini Korea, kwa kuwa historia ya pande zile huandikwa kwa nadra katika Kiswahili. Hata hivyo, sikuridhika na aya iliyohusu Seongsan, ngome iliyoko Haman, kusini mwa Korea Kusini, ambayo mwandishi aliihesabu kuwa ya watu wa Gaya, kundi la falme ndogo za kale za kusini mwa Korea, akasifu uimara wa kuta zake, kisha akaiacha.

Dhana hiyo inaeleweka. Haman ilikuwa makao ya Ara Gaya, mojawapo ya falme hizo, makaburi ya watawala wake yapo Malisan, karibu na ngome hiyo, na wataalamu wenyewe waliamini hivyo kwa muda mrefu. Lakini uchimbaji ulioanza mwaka 1991 na kuendelea kwa awamu hadi 2016 ulionyesha kwamba ukuta ule, wenye mzunguko wa takriban kilomita 1.4, ulijengwa na ufalme wa Silla katika karne ya 6. Seongsan, basi, ni kazi ya mshindi aliyekuja kuishika nchi aliyoiteka, na hilo linabadilisha maana yake yote.

Ushahidi mkubwa haukutoka katika mawe. Upande wa mashariki, ambako maji ya kilima hukusanyika, wajenzi walitandaza matawi, majani na mabaki ya mbao ili kuuimarisha msingi wa ukuta, na kwa kuwa tabaka hilo lilibaki na unyevu bila kupenywa na hewa, halikuoza. Humo vilipatikana vibao vya mbao 245 vilivyoandikwa kwa wino, idadi ambayo hakuna eneo jingine la kale nchini Korea limeifikia.

Vingi kati ya hivyo ni vitambulisho vya mizigo. Vina mkato au tundu la kupitishia kamba, na juu yake, kwa herufi za Kichina, yameandikwa jina la kijiji, jina la mtu, pengine na cheo chake, kisha aina ya nafaka: shayiri, au ile nafaka ndogo ya jamii ya mawele. Vijiji vingi vilivyotajwa vilikuwa mbali kaskazini, katika bonde la juu la mto Nakdong. Wakulima wasiotajwa katika tarehi yoyote ya wafalme tunawajua leo kwa majina kwa sababu tu walitoa nafaka ya kuwalisha waliokuwa Seongsan.

Kibao kimoja chenye pande nne ni taarifa ya mkuu wa kijiji, aliyemwandikia mkubwa wake kwa hofu kuhusu mtu aliyeondoka baada ya siku 30, ilhali sheria ilidai siku 60 za utumishi. Sijui maandishi mengine mafupi kama hayo yanayoonyesha waziwazi jinsi mkono wa dola ya Silla ulivyofika hadi kijijini.

Kibao kingine kimetaja mwaka uitwao imja. Katika kalenda ya kale ambamo majina ya miaka hujirudia kila baada ya miaka 60, mwaka huo waweza kuwa 532 au 592. Watafiti wengi wameelekea 592, nami naona hoja yao ina nguvu, kwani ni vigumu kuamini kwamba Silla ilikusanya nafaka kutoka vijiji vya mbali na kuileta Haman mapema kama 532.

Tope la kilima hicho lilihifadhi hata mbegu za yungiyungi za takriban miaka 700, zilizopatikana mwaka 2009, nazo zikaota na kutoa maua mwaka uliofuata.

Naomba msahihishe kwamba Seongsan ni ngome ya Silla, na mkiweza, katika toleo lijalo mchapishe picha ya kibao kimojawapo pamoja na tafsiri ya maandishi yake.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam