Barua kwa mwanangu: uliza kwanza wamebadilisha nini

Mwanangu, habari za huko? Sisi wazima, bibi yako mguu umepungua kuvimba.

Nimeisoma meseji yako kwamba ukimaliza mafunzo ya injini huko Addis Ababa kuna jamaa wanatafuta mafundi wa kwenda kwenye majaribio ya ndege mpya, na wewe umeshawaambia uko tayari. Toka jana usingizi haupandi. Sikukatazi baba, ila kabla hujashika spana uliza wamebadilisha nini.

Nimekua nasoma habari za zile jeti za kwanza za kivita, mwaka 1944 kwenye Vita vya Pili vya Dunia, walivokua wanazipeleka vitani hazijaiva ili wazijaribu hukohuko. Wamarekani walikua na jeti inaitwa P-80. Rubani wa majaribio Milo Burcham, mzoefu kabisa, Oktoba 20 alipaa nayo pale Burbank, California, pampu kuu ya mafuta ikagoma, injini ikazima, akafa. Na pampu ya akiba ilikuwepo! Ilikua imefungwa muda si mrefu, na hakuna aliyemwelekeza. Yani mtu kafunga kifaa kipya kamaliza kazi kanyamaza. Afu Agosti 6, 1945 Richard Bong, yule aliyetungua ndege 40 za Wajapani na hakuna Mmarekani aliyemfikia, akafa na P-80 hiyohiyo kwa pampu hiyohiyo, ile ya akiba haikuwashwa. Nne walizipeleka Ulaya, mbili Uingereza mbili Italia, Januari 1945 moja ikawaka moto nyuma ikamuua meja Borsodi, na katika zote nne hakuna hata moja iliyopambana na ndege ya adui.

Wajerumani ndo usiseme. Jeti yao Me 262 ilizipita mbio ndege zote za pangaboi lakini nikeli ya kutengenezea vyuma vya kuhimili moto hawakua nayo ya kutosha, kwahiyo injini inadumu masaa 10 mpaka 25 basi, ukiisukuma akseli kwa pupa inazima au inawaka. Kikosi cha kuijaribu vitani wakampa Walter Nowotny, miaka 23, umri wako. Novemba 8, 1944 akaita kwenye redio kwamba injini imezima, akaanguka si mbali na uwanja wake. Nikifika hapo kwenye umri nafunga simu.

Waingereza nawasifu. Jeti zao za Meteor walizianzia nyumbani, pale Manston, kukimbiza yale mabomu ya Wajerumani ya V-1 yanayoruka yenyewe, na Agosti 4, 1944 mizinga ya rubani mmoja anaitwa Dean ikakwama, akalisogelea bomu akalipindua kwa ncha ya bawa. Mwanzoni hawakuruhusiwa kuvuka upande wa adui. Zilipofika Ubelgiji 1945 walizipaka nyeupe ili wenzao wa chini wazizoee wasizitungue. Hayo ndo majaribio, kila mtu anaambiwa.

Kichwa unacho, walimu wako wamesema na mimi huku mtaani natembea kifua mbele. Tatizo lako unanyamaza. Najua pale gereji ukiuliza ulikua unajibiwa vibaya, hayo yaishe, huko uliza hata wakikuona mshamba. Na bosi akikwambia saini ndege itoke, haraka haraka, wakati pampu hujaiona kwa macho yako, usisaini. Wakufukuze, urudi, chakula kipo.

Mama yako anauliza lile sweta kama linatosha, baridi ya huko anaiogopa. Fundi wa bati nimempa nusu, nusu nyingine akimaliza upande wa jikoni mana mvua ikinyesha bado tunahamisha sufuria. Ada ya mdogo wako imebaki kidogo, usitume kitu mwezi huu, nunua viatu vya kazi vya maana. Afu ukiongea na hao jamaa waulize nani anaandika kwenye kitabu cha matengenezo, jibu lao nitumie leoleo.

Baba yako